Mtafiti wa lishe akibisha hodi: anasoma nini, na kijiji kinapata nini?

Katika vijiji vingi vya Karagwe na Kyerwa, wageni wenye mizani si jambo geni. Wanafika na barua ya mwenyekiti wa kijiji, wanatandika ubao wa kupimia urefu chini ya mti, wanapima watoto, wanamuuliza mama mtoto alikula nini jana, wanaandika, kisha wanaondoka. Baadhi yao ni wahudumu wa afya walio kazini. Wengine ni wanafunzi wa chuo kikuu wanaosomea shahada ya uzamili au uzamivu katika lishe na sayansi za afya.

Wakishaondoka, maswali hubaki. Hawa wanasoma nini hasa kinachohitaji kumpima mtoto wa Nkwenda au wa Nyaishozi? Matokeo yanakwenda wapi? Je, una haki ya kukataa? Na kama kijana wako mwenyewe anataka kusoma elimu hiyo, aanzie wapi? Katika makala hii tunajibu maswali hayo moja baada ya jingine.

Tatizo linalowaleta

Mkoa wa Kagera haujulikani kwa njaa. Mvua hunyesha misimu miwili, migomba imezunguka nyumba, maharage yanastawi chini ya migomba, na kahawa inaleta fedha. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta kwamba takribani watoto wanne kati ya kumi wenye umri chini ya miaka 5 katika mkoa wetu walikuwa wamedumaa. Wakati huo wastani wa taifa ulikuwa watoto 34 kati ya 100. Utafiti kama huo wa 2022 ulionyesha nchi imefika 30 kati ya 100. Kagera nayo ilishuka, lakini bado ilikuwa juu ya wastani huo.

Hili ndilo fumbo linalowaleta wanafunzi wa lishe huku kwetu. Kama chakula kipo shambani, kwa nini mtoto hakui? Jibu la haraka la "watu hawana elimu" halitoshi, na jibu la "ni umaskini tu" halitoshi pia. Elimu ya lishe ya ngazi ya juu ipo kwa ajili ya maswali ya namna hii.

Uzamili na uzamivu ni nini?

Elimu ya juu ina ngazi. Mtu huanza na cheti, kisha stashahada, kisha shahada ya kwanza, ambayo kwa masomo ya lishe huchukua miaka 3 au zaidi. Baada ya hapo inakuja shahada ya uzamili, na juu yake shahada ya uzamivu, ile inayompa mtu jina la Daktari hata kama hatibu wagonjwa.

Tofauti kubwa iko kwenye kazi ya mwanafunzi. Katika shahada ya kwanza anajifunza mambo ambayo wengine wameshayajua. Katika uzamili anajifunza jinsi mambo hayo yalivyojulikana, na anafanya utafiti mmoja mdogo wa kwake. Katika uzamivu anatakiwa kuleta jambo jipya ambalo halikuwa likijulikana, na kulitetea mbele ya wataalamu.

Uzamili wa lishe hapa nchini kwa kawaida huchukua takribani miaka 2. Sehemu ya kwanza ni darasani. Sehemu ya pili ni utafiti: mwanafunzi anaandika andiko la pendekezo, anapata msimamizi, anaomba vibali, anakwenda kijijini au hospitalini kukusanya takwimu, anarudi kuzichambua na kuandika tasnifu. Uzamivu huchukua miaka 3, 4 au zaidi. Kwa hiyo yule kijana mwenye mizani chini ya mti yuko kwenye sehemu ya pili ya masomo yake. Bila ninyi kukubali kupimwa, yeye hahitimu.

Wanasoma mambo gani?

Masomo ni mengi, lakini yanaweza kugawanywa katika mafungu manne. Tuyatazame kwa mifano ya huku kwetu.

Fungu la kwanza ni kupima. Inaonekana kazi rahisi, lakini makosa ya sentimita moja yanaweza kumfanya mtoto mwenye afya aonekane amedumaa, au aliyedumaa aonekane mzima. Mwanafunzi anajifunza kulinganisha urefu wa mtoto na viwango vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006. Viwango hivyo vilitokana na watoto waliolelewa vizuri katika nchi 6: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto hao wa makabila na rangi mbalimbali walikua kwa urefu unaokaribiana sana katika miaka 5 ya kwanza.

Jambo hili ni muhimu kwa sababu mara nyingi tunasikia wazazi wakisema, "Huyu si kudumaa, ni ukoo wetu mfupi." Ni kweli urefu wa mtu mzima unategemea pia wazazi. Lakini mtoto mmoja akiwa mfupi ni jambo moja, na theluthi ya watoto wa mkoa mzima kuwa wafupi ni jambo jingine. Mvulana wa miaka 2 kwa kawaida hufikia takribani sentimita 87 akisimama. Akiwa chini ya sentimita 81 anahesabiwa kuwa amedumaa. Kwa msichana wa umri huo, kawaida ni karibu sentimita 86, na mpaka wa udumavu ni takribani 79.

Kipimo kingine ni utepe wa rangi tatu unaozungushwa juu ya mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Huo haupimi udumavu bali ukondefu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na mtoto anatakiwa kupelekwa kituo cha afya bila kuchelewa. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, na 12.5 kwenda juu ni kijani. Mtoto anaweza kuwa kijani kwenye utepe huku amedumaa. Ndiyo maana mama huambiwa mtoto wake hajakonda, kisha akaambiwa ana tatizo. Hapo hakuna aliyedanganya, vipimo viwili vinajibu maswali mawili tofauti.

Fungu la pili ni mwili na chakula. Hapa wanafunzi wanasoma kemia ya mwili: chakula kinavunjwaje, kinaingiaje kwenye damu, na nini kinakizuia. Chukua sahani yetu ya kila siku. Ndizi ya kupika ina wanga mwingi na maji mengi, lakini protini na madini ya chuma ni kidogo. Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo sana. Ukilijaza ndizi za kupondwa peke yake, atashiba kabla hajapata anachohitaji ili akue. Ameshiba, lakini hakulishwa.

Ukiongeza maharage, unaleta protini na chuma. Lakini chuma cha maharage hakiingii mwilini kwa urahisi kama cha nyama, dagaa au maini. Chai ya rangi na kahawa zikinywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi. Kwa upande mwingine, matunda yenye vitamini C kama papai, pera, chungwa na pasheni hukisaidia kuingia. Kwa hiyo kipande cha papai baada ya ndizi na maharage kinafanya kazi ambayo kikombe cha chai kinaiharibu. Vilevile viazi lishe, vile vyenye rangi ya chungwa ndani, vina malighafi ya vitamini A, ila mwili huipokea vizuri pale ambapo kuna mafuta kidogo kwenye mlo, au karanga zilizotwangwa.

Fungu la tatu ni sababu. Na hapa Tanzania ina historia yake. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1973. Miaka kumi baadaye, kuanzia 1983-84, taasisi hiyo pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani waliendesha mpango wa lishe mkoani Iringa, ulioanzia vijiji 168. Watoto walikuwa wakipimwa kijijini mara kwa mara, na wanakijiji wenyewe wakikaa kujadili: mtoto huyu ameshuka uzito kwa nini, na sisi tunaweza kufanya nini?

Kutokana na mijadala hiyo ulizaliwa mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliupitisha mwaka 1990. Mchoro huo unasema hivi: mtoto anaharibikiwa lishe kwa sababu mbili za karibu, chakula kisichotosha na magonjwa. Nyuma ya hizo kuna sababu tatu: kaya kukosa chakula cha uhakika, malezi duni ya mama na mtoto, na mazingira machafu pamoja na huduma hafifu za afya. Nyuma ya hizo tena kuna umiliki wa ardhi na fedha, nani anaamua nyumbani, na serikali inavyogawa rasilimali. Leo mwanafunzi wa lishe akiwa Morogoro, Kampala, London au Atlanta, anafundishwa mchoro huo, ambao mizizi yake iko Iringa.

Ukiuleta mchoro huo Karagwe na Kyerwa, unaanza kuona kwa nini shamba lililojaa halimaanishi mtoto aliyekua. Mama anayeshinda akilima na kuchuma kahawa anamwachia mtoto dada yake wa miaka 8, na mtoto anakula mara mbili badala ya tatu na vitafunwa. Maji ya bondeni yasiyochemshwa yanaleta kuhara, na mtoto anayehara kila mwezi anapoteza alichokula. Kahawa inauzwa ingali maua kwa mtindo wa butura, na bei inakuwa ndogo. Fedha ya mavuno ikipatikana, anayeamua matumizi mara nyingi si yule anayepika. Ndizi nyingine zinakwenda kwenye rubisi. Na tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba uingie mkoani mwetu miaka ya 2005-06, kuna kaya zilizopoteza sehemu kubwa ya shamba. Hakuna dawa moja ya mambo yote haya, na ndiyo sababu mtaalamu wa lishe anatakiwa kujua zaidi ya chakula.

Fungu la nne ni takwimu. Ukikuta watoto wa kaya zenye mbuzi wa maziwa ni warefu zaidi, je, ni maziwa yaliyowakuza, au ni kwamba mwenye mbuzi ana uwezo wa mambo mengine pia? Sehemu kubwa ya masomo ya uzamili ni kujifunza kutodanganyika na maswali kama hilo. Wanafunzi wengi wanakiri ndilo somo gumu kuliko yote.

Kagera imeshaifundisha dunia

Mkoa wetu si mahali pa kuchukuliwa takwimu tu bila kujulikana. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata familia nyingi zilizika vijana. Kuanzia 1991 hadi 1994, Benki ya Dunia na chuo cha Muhimbili walifuatilia zaidi ya kaya 900 katika wilaya zote za mkoa wa wakati ule, ikiwemo Karagwe, ambayo ilikuwa bado haijagawanywa kupata Kyerwa. Watu walipimwa urefu na uzito na kuulizwa juu ya mashamba, shule na misiba. Watafiti walirudi kuwatafuta watu walewale mwaka 2004, na tena 2010, hata wale waliohamia mikoa mingine na Uganda.

Kazi hiyo ilifungua milango. Wachumi waliotumia takwimu hizo waligundua kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kufikisha miaka 15 alikua akiwa mfupi kwa takribani sentimita 2, na alikosa karibu mwaka mzima wa masomo, ukilinganisha na hali ambayo angekuwa nayo. Wengine walionyesha kwamba watoto waliokuwa na lishe bora kabla ya kuanza shule walifika mbali zaidi katika elimu. Takwimu hizo, bila majina ya watu, zimetumiwa na wanafunzi na watafiti katika nchi nyingi.

Tunalitaja hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, majibu ya mama mmoja wa kijijini yanaweza kubadili namna dunia inavyofikiri kuhusu yatima na lishe. Ya pili, ni swali la haki: waliotoa majibu hayo, ni wangapi waliwahi kuelezwa yaligundua nini? Hapo ndipo tunapofika kwenye haki zako.

Mtafiti akifika nyumbani kwako

Utafiti wowote unaohusu afya ya binadamu nchini unahitaji kibali cha maadili. Kibali hicho hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, au na kamati ya maadili inayotambuliwa, kama ya chuo anachosoma. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Baada ya hapo hupita mkoani, wilayani, kwenye kata na kijijini. Kwa hiyo una haki ya kumuuliza mtendaji wa kijiji: barua ya huyu mgeni umeiona?

Akifika kwako, anatakiwa akueleze kwa lugha unayoielewa, iwe Kiswahili au Kinyambo, utafiti unahusu nini, utachukua muda gani, na kuna hatari gani. Kisha anaomba ridhaa yako. Kama husomi, asomewe mtu mwingine unayemwamini akiwa shahidi, nawe uweke dole gumba baada ya kuelewa. Kusaini kabla ya kuelezwa si ridhaa.

Una haki ya kukataa, na ukikataa hupotezi huduma yoyote kwenye zahanati wala msaada wowote kijijini. Unaweza kukubali kisha ukabadili mawazo katikati. Unaweza kukubali mtoto apimwe urefu na ukakataa atolewe damu. Kama damu inachukuliwa, uliza kiasi gani, inapimwa nini, inapimwa wapi, na itatunzwa muda gani. Sampuli haiwezi kupelekwa nje ya nchi bila kibali.

Mtafiti anaweza kukurudishia nauli au kukupa sabuni kwa muda wako uliopotea. Hilo si kosa. Kosa ni kukuahidi msaada mkubwa ili ukubali. Na kama akipima mtoto akamkuta yuko kwenye nyekundu, hawezi kuandika tu na kuondoka. Anapaswa kukuambia na kukuelekeza kituo cha afya.

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika: matokeo tutayasikia lini? Mwanafunzi mzuri hurudi, au hutuma muhtasari kwa mtendaji na zahanati, usomwe kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kulitaka hilo mapema, siku ile ile barua inapoletwa, na likaandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

Kijana wako akitaka kuisomea

Njia inaanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kidato cha nne, Kemia na Biolojia ndizo zinazofungua mlango. Kidato cha tano, tahasusi kama PCB, CBG, CBA na CBN, ile yenye Kemia, Biolojia na Lishe, zinafaa. Shahada ya kwanza si lazima iwe ya lishe yenyewe: waliosoma sayansi ya chakula, uuguzi, udaktari, kilimo au biolojia hupokelewa pia katika programu nyingi za uzamili wa lishe, kulingana na masharti ya chuo. Vyuo vingi vinataka angalau daraja la pili katika shahada ya kwanza.

Hapa nchini, chuo kinachojulikana zaidi kwa lishe ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, chenye uzamili wa lishe ya binadamu. Muhimbili, Dar es Salaam, kinafundisha afya ya jamii. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha hufundisha uzamili na uzamivu tu, na chakula na lishe ni miongoni mwa maeneo yake. Jirani zetu wa Uganda wana Makerere, na kwa mtu wa Murongo, Kampala ni karibu kuliko Morogoro, ambako ni zaidi ya kilomita elfu moja. Huko nje kuna Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji, ambacho kimepokea wanafunzi wengi wa lishe kutoka Afrika, na Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, Marekani, chenye programu ya uzamivu inayoitwa kwa jina hilohilo la lishe na sayansi za afya.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya maombi, hakikisha chuo na programu vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Shahada ya nje nayo hupelekwa TCU ili itambuliwe nchini.

Fedha ndiyo kizingiti kikubwa. Mikopo ya Bodi ya Mikopo kwa sehemu kubwa inaelekezwa kwenye shahada ya kwanza, kwa hiyo mwanafunzi wa uzamili mara nyingi hujilipia, hulipiwa na mwajiri, au hutafuta ufadhili. Ufadhili upo wa aina kadhaa. Kuna wa serikali za nje: VLIR-UOS ya Ubelgiji, DAAD ya Ujerumani ambayo hufadhili pia masomo katika vyuo vya Afrika, na ule wa Jumuiya ya Madola unaotolewa na Uingereza. Kuna ufadhili unaotokana na mradi wa profesa mwenye fedha za utafiti. Na kwa uzamivu nchini Marekani, vyuo vingi vikubwa hulipia ada na kutoa posho ya kujikimu, na baadhi hupokea mtu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza bila kupitia uzamili.

Kinachompa mwombaji nguvu si alama peke yake. Ni uzoefu na swali. Afisa lishe, muuguzi au mwalimu aliyefanya kazi vijijini miaka miwili au mitatu, na anayeweza kueleza kwa nini watoto wa kata yake wanadumaa wakati migomba ipo, ana hoja ambayo mwombaji wa mjini hana. Tunawashauri vijana wasione kazi ya zahanati ya kijijini kuwa ni kupoteza muda. Hapo ndipo mada ya tasnifu inapopatikana.

Lazima pia tuseme ukweli wa upande wa pili. Kwa mwanamke mwenye watoto, miaka miwili ya masomo mbali na nyumbani ni mzigo wa familia nzima. Bibi, shangazi na baba wa watoto wakikubaliana mapema nani atakaa na nani, mambo huenda. Wasipokubaliana, masomo hukatikia njiani. Na shahada peke yake haimhakikishii mtu ajira.

Kazi ipo?

Kila halmashauri inapaswa kuwa na afisa lishe. Mwaka 2017 serikali ilianza kusaini mkataba wa lishe na wakuu wa mikoa, na mwaka 2022 mkataba mpya ulisainiwa mbele ya Rais. Moja ya vipimo vyake ni halmashauri kutenga na kutumia angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa mwaka. Diwani wako anaweza kuulizwa swali hilo kwenye mkutano wa hadhara: mwaka huu zimetengwa ngapi, na zimetoka ngapi?

Zaidi ya halmashauri, wenye uzamili hufanya kazi hospitalini, vyuoni, kwenye mashirika, kwenye viwanda vya unga na chumvi, na katika utafiti wa mbegu. Mbegu za viazi lishe na maharage yenye chuma kwa wingi ni kazi ya wataalamu wa kilimo na wa lishe kwa pamoja: mmoja anahakikisha zao linastawi, mwingine anahakikisha linamfikia mtoto na kumsaidia.

Usisubiri mwenye shahada

Siku 1,000 za mtoto, yaani siku 270 za mimba na miaka 2 ya kwanza, hazisubiri mtu ahitimu. Kinachojulikana tayari kinatosha kuanzia leo. Maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, bila maji wala uji. Baada ya hapo, kunyonyesha kuendelee hadi miaka 2 na zaidi, pamoja na chakula kizito, mara 2 kwa siku hadi miezi 8 na mara 3 baada ya hapo, na kitu kidogo katikati. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kwa siku angalau makundi 5 kati ya haya 8: maziwa ya mama, nafaka, ndizi na mizizi, maharage na karanga, maziwa mengine, nyama, samaki na dagaa, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, na mboga au matunda mengine. Ndizi, maharage, mchicha, parachichi na maziwa ya mama yanatimiza hesabu hiyo, na mengi yanatoka shambani kwako. Senene wakiwa wengi, watwange na umwekee mtoto, usiuze wote.

Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema na anywe vidonge vya kuongeza damu. Watoto wapelekwe kupata matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inapofanyika kila robo mwaka, baba naye afike, asiachiwe mama peke yake.

Mtafiti akija tena na mizani, mkaribishe, muulize maswali yako, na umwambie kijiji kinasubiri majibu. Na kama mwanafunzi huyo ni binti aliyesoma shule ya kata ya hapahapa Karagwe au Kyerwa, kazi ya kuwaeleza watu wake alichokigundua itakuwa rahisi zaidi, maana hatahitaji mkalimani.